Nikipaka ukuta niko imara, nikipaka dari nayumba

SWALI: Daktari, mimi ni fundi rangi, miaka 46. Nikipaka ukuta sina shida hata nikiwa juu ya ngazi. Nikiinua uso kupaka dari, hata nikiwa sakafuni, napepesuka kama mlevi, na pombe sinywi. Presha nimepima, iko sawa. Je, ni macho?

JIBU: Ndugu fundi, mimi si daktari, ni mtaalamu wa tiba ya viungo, lakini swali lako limefika panapostahili. Macho yamo, ila shingo ndiyo inayoanzisha kuyumba huko.

Ndani kabisa ya kila sikio kuna vifuko viwili vyenye chembe ndogo mno za chokaa. Kichwa kikiinama, chembe huteleza kidogo na ubongo hujua chini ni wapi. Vifuko hivi hufanya kazi vizuri kichwa kikiwa wima. Ukikilaza nyuma, habari zake hufifia. Papo hapo misuli midogo chini ya kisogo, iliyojaa vihisio, imejikunja. Macho nayo yanatazama dari nyeupe tupu, hakuna hata fremu ya mlango ya kujishikiza.

Jaribu, mtu akiwa kando yako: vua viatu, bana miguu, fumba macho, hesabu hadi 20. Kisha inua kidevu, uhesabu tena. Utasikia vidole vinang'ang'ania sakafu na vifundo vinachezacheza. Hata mimi nisiyeumwa huyumba. Siku moja nilijitia dawa ya macho nimesimama. Matone mawili yaliishia shavuni ndipo nikakubali kukaa.

Kazini, funga rola kwenye mpini mrefu, usimame nyuma ya sehemu unayopaka, si chini yake: kidevu kitashuka, macho ndiyo yatapanda. Mguu mmoja utangulie. Kila baada ya mistari michache tazama ukuta. Na dari usiipake ukiwa juu ya ngazi, tafadhali.

Ila hukuniambia: unayumba wewe, au chumba ndicho kinachozunguka? Kikizunguka kwa sekunde kadhaa, na hata ukijigeuza kitandani, huenda chembe zimetoka kwenye kifuko na kuingia kwenye mifereji ya sikio. Muone daktari wa masikio. Mara nyingi yeye hukigeuza kichwa chako kwa mpangilio maalumu, chembe zikarudi. Ukiona vitu viwili viwili, ulimi ukawa mzito au mkono ukafa ganzi, usingoje rangi ikauke, kimbilia hospitali.