Muulize Bi Fundi: Blanketi la viraka lililotoka kwenye mfuko wa taka

Swali: Shikamoo Bi Fundi. Naishi Lancaster, Pennsylvania, kazi yangu ni usafi wa nyumba. Juzi familia moja ilikuwa inahamisha vitu vya bibi yao aliyefariki, wakatoa nje mfuko mweusi wa taka. Nikachungulia, nikaona blanketi la viraka, lile ambalo wenyeji wanaliita kwilti. Nikaliomba, wakanipa bila hata kuuliza la nini. Ni vipande vidogo vya pembe sita vilivyopangwa kuwa maua, katikati ya kila ua pana njano, na kati ya ua na ua pamejazwa nyeupe. Lote ni kazi ya mkono. Lakini linanuka uvundo, kingo zimechakaa, upande mmoja umelika kabisa, na kuna vipande vya kahawia ambavyo ukivigusa vinamomonyoka kama ugoro. Tena kuna mtu alishalitia viraka vya poliesta ya waridi kwa cherehani. Nina doti ya kanga niliyotoka nayo Tanga, imelainika kwa kufuliwa, nataka niiingize humo. Mume wangu anasema nilitupie kwenye mashine ya kufulia kwanza, mengine yatajulikana baadaye. Jirani naye anasema nikiliuza hivi hivi nitapata maelfu ya dola. Nianzie wapi?
*Mama Wawili, Lancaster*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mumeo msalimie, na umwambie mashine ya kufulia tumemwachia afulie soksi zake. Blanketi la namna hiyo lina tabaka tatu: uso wa viraka, pamba katikati, na bitana chini. Kinachozishika pamoja ni mshono wa mkono tu. Pamba ikinywa maji inakuwa nzito, na mashine ikianza kuzungusha, uzito wote unavuta nyuzi zilizokwisha kuchoka. Nimewahi kuletewa matokeo ya zoezi hilo, yameletwa kwenye ndoo.

Anza na uvundo. Subiri siku kavu, ulitandike nje kivulini juu ya shuka, usilitundike kwenye kamba. Vaa barakoa, kwa sababu kuvu ikikauka inapeperuka. Kisha livute vumbi kwa nguvu ndogo kabisa, mdomo wa bomba ukiwa umefungwa soksi nyembamba ya nailoni ili usinyonye vipande. Na kwa kuwa limetoka nyumba ya watu, usiliingize chumbani kabla hujaondoa shaka ya kunguni: likiwa kavu kabisa, lifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa, liweke kwenye friza yenye nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri kwa siku 4 au zaidi.

Kabla ya kushika maji, ligeuze ulichunguze. Mpangilio huo Wamarekani wanauita bustani ya maua ya bibi, na ulivuma hasa miaka ya 1930, hali ya uchumi ilipokuwa mbaya. Wakati ule unga, sukari na chakula cha kuku viliuzwa kwenye mifuko ya pamba. Wenye viwanda walipoona akina mama wanaifumua na kushonea watoto magauni, wakaanza kuipiga chapa za maua na vidoti ili wauze zaidi. Pale ambapo blanketi limefunguka, tazama pembeni mwa vipande: ukiona mstari wa vitundu vilivyoachana sawasawa, hapo palikuwa na ule mshono wa mnyororo uliofunga mfuko. Tazama pia kama kuna karatasi ndani. Vipande vya pembe sita hupindwa juu ya karatasi kwanza, na wako washonaji ambao hawakuzitoa. Ukikuta kipande cha gazeti chenye tarehe, ujue kipande kile hakikushonwa kabla ya siku hiyo. Vyote hivyo vipige picha kabla ya kuvifunika.

Sasa vile vya kahawia. Rangi nyingi za kahawia na nyeusi za karne ya 19 zilishikishwa kwa chumvi ya chuma, na chuma hicho kinaendelea kuila pamba taratibu mpaka leo. Huenda basi vipande hivyo ni vikongwe kuliko blanketi lenyewe, maana masalio ya vitambaa yalikaa kwenye makapu miaka na miaka yakisubiri kazi. Ndiyo sababu umri wa blanketi unapimwa kwa kitambaa chake kipya kuliko vyote. Kile kikuukuu kitakudanganya. Dawa ya kurudisha nguvu ya vile vilivyooza hakuna. Vinafunikwa tu.

Kufua, basi. Jaribu kila rangi, naam, kila moja: tone la maji, ukandamize kwa kitambaa cheupe, kisha tone la maji ya sabuni, ukandamize tena. Nyekundu na bluu nzito ndizo zenye fitina. Rangi ikitoka, usiloweshe, ridhika na kuvuta vumbi na kupunga hewa. Zisipotoka, vifunike vipande vya kahawia kwa neti laini ya shela ya bibi harusi, uishikize kwa mishono mirefu. Tandika shuka jeupe ndani ya hodhi la kuogea, uweke blanketi juu yake, maji yawe vuguvugu na sabuni ya maji isiyo kali, kidogo sana. Kandamiza kwa viganja. Usisugue, usikamue. Maji ya kwanza yatatoka rangi ya chai, usishtuke. Badilisha mpaka yawe meupe, acha yatiririke yote, halafu muite yule mume wako mshike shuka huku na huku kulitoa, kwa sababu ukilinyanyua kwa pembe zake litachanika kwa uzito wake mwenyewe. Likaushe limelala juu ya mataulo, kivulini. Jiki isikaribie hata chumba hicho.

Kutengeneza ndiko ninakokupenda mimi. Fundi mgeni hukimbilia kukata kilichooza na kuziba tundu. Wewe usikate. Kata karatasi ngumu yenye kipimo kile kile cha pembe sita, weka juu ya kitambaa kipya ukiacha robo inchi kuzunguka, pinda juu ya karatasi upige bandi, kisha pasi. Toa karatasi, laza kipande chako juu ya kile cha kahawia, pembe juu ya pembe, ushone kwa mshono wa kujificha unaoshika ukingo wa vipande vya jirani vilivyo vizima. Uzi uwe wa pamba, mmoja tu, na sindano isifike kwenye bitana. Ukimaliza eneo zima, ndipo urudie mistari ya zamani kupitia tabaka zote tatu. Cha zamani kinabaki salama chini yake, na siku akija mtu anayetaka kukiona, atafumua chako bila kuharibu kitu.

Viraka vya poliesta vifumue, polepole, kwa mkasi mdogo. Si kwa sababu ya ubaya wa sura, ingawa waridi ile naiona nikiwa hapa. Kitambaa kipya chenye nguvu kikishonewa kando ya kitambaa dhaifu, kila ukikunja blanketi chenye nguvu kinakaa na kile dhaifu kinachanika kandokando ya mshono. Kwa hoja hiyo hiyo kitenge kizito sikitaki humo. Kanga yako iliyolainika inafaa kuliko zote. Ingekuwa mpya ningekwambia uifue mpaka wanga uishe na maji yaache kubadilika rangi.

Lakini usiikatekate kuiingiza ndani ya maua. Rangi za miaka ya 1930 ni za upole: kijani cha mnanaa, waridi hafifu, zambarau iliyopauka. Nyekundu na nyeusi ya kanga ikikaa katikati yao, jicho halitatazama kingine. Iweke pembeni iwe fremu, kazi ambayo pindo la kanga lilichorewa tangu mwanzo. Kanga moja ni kama mita 1.5 kwa 1.1. Ukikata mapindo marefu yote ya doti, unapata mita 6; mafupi, ukishaondoa pembe, yatakupa mita 3 hivi. Blanketi la mita 1.8 kwa 2.1 mzunguko wake ni mita 7.8, kwa hiyo doti moja inatosha na inabaki. Mji wake, yaani ile sehemu ya katikati, uweke akiba ya viraka vya nyuma.

Ule upande uliolika, hapa wenzangu wengine tunagombana. Mimi nasema uondoe safu zote mpaka kwenye maua yaliyo mazima, kwa kufumua mshono na si kwa mkasi, na pembe sita nzuri utakazopata huko zitumie kuzibia kwingine. Hakuna kitambaa kitakachofanana zaidi na hicho. Litakuwa fupi kidogo, kanga italirudishia urefu. Makumbusho hayawezi kufanya hivyo, ila wewe hukuajiriwa na makumbusho, una kitanda. Bitana ikiwa imechoka, usiibandue, shonea mpya juu yake. Tumia marekani nyepesi iliyokwisha kufuliwa, kitambaa ambacho meli za Salem, Massachusetts, zilikuwa zikikileta Unguja karne ya 19. Leo wewe wa Tanga unakirudisha kwao.

Hukunitajia jina la kanga. Kama ni kijembe, fikiri mara mbili kabla ya kulala nalo na mumeo.

Na jirani yako akurudishie muda wako. Mablanketi ya bustani ya bibi ni mengi mno, na lililoharibika bei yake ni ndogo. Bei pia haisemi kitu kuhusu kazi. Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani Georgia mwaka 1837, alishona visa vya Biblia kwenye blanketi, na shida ilipombana akaliuza kwa dola 5 baada ya kuomba 10. Sasa liko makumbusho ya taifa ya historia, Washington.

Swali: Assalaam alaykum Bi Fundi. Mama yetu, mzaliwa wa Unguja, alifariki hapa Muscat akaacha kasha la kanga. Nyingine zimechakaa, nyingine doti zake hazijakatwa hata kidogo. Zote zinanuka naftalini. Watoto tuko 5, tunataka kila mmoja awe na blanketi la viraka lenye kanga zake. Dada yetu mkubwa anasema kukata nguo za mama ni kumkosea adabu. Unasemaje, na tunaanzaje?
*Kaka wa Muscat*

Jibu: Waalaykum salaam, kaka yangu. Mola amrehemu mama. Baina yako na dada yako mkubwa mimi siingii, nitakupa tu habari moja umpelekee. Kule Gee's Bend, Alabama, kijiji cha Waafrika Wamarekani kilichojulikana kwa mablanketi yake, kuna mama aliyeitwa Missouri Pettway. Mwaka 1942, mumewe alipofariki, alichukua nguo za kazi za marehemu, suruali zilizopauka magotini na mashati, akazishona blanketi la kujifunika, amkumbuke. Madoa na mapauko hakuyaficha. Mwaka 2002 mablanketi ya kijiji hicho yalioneshwa Houston na New York, na watu walipanga foleni. Sijasikia aliyesema yule mama hakuwa na adabu.

Hata hivyo dada ana hoja kwenye doti ambazo hazijakatwa. Hizo zigaweni zilivyo. Kateni zilizochanika na zilizofifia, ambazo ndizo mama alizivaa kweli. Na katika kukata, jina lisikatwe katikati: litoeni zima pamoja na pindo lililo chini yake liwe utepe mrefu, halafu mji ndio muugawanye vipande vya mraba. Kila doti ina kanga mbili, yaani majina mawili. Nyinyi ni 5, kwa hiyo kaeni chini mjue nani anachukua lipi. Nadhani ugomvi wenu wa kweli utakuwa hapo, si kwenye adabu.

Naftalini acheni. Nondo wanakula sufu na hariri, pamba hawana haja nayo. Adui wa kanga kasheni ni unyevu na wanga, maana wako wadudu wanaofuata wanga. Zipungeni hewa kivulini mpaka harufu ipungue, mzifue, mzihifadhi bila kupiga wanga, zimefungwa ndani ya shuka la pamba, na mara kwa mara mbadilishe mahali pa mkunjo.

Kwa joto la Muscat pamba ya katikati haina kazi. Fanyeni kama wanawake wa Bengali wanavyofanya na sari kuukuu: tabaka mbili au tatu za kitambaa, na bandi ndogondogo za mkono kutoka ukingo hadi ukingo. Linakuwa jepesi, linafulika, na hata asiyejua kushona anaweza kupiga mstari wake. Chagueni kanga moja iliyokwisha chanika yenyewe, mshone kipande cha futi moja, mumpe dada akishike. Akikikataa, sehemu yake ya kasha ibaki mikononi mwake, nanyi mwendelee na zenu.