Kuvu si mdudu

Msomaji anayeandika tasnifu ya shahada ya pili kuhusu magonjwa ya mimea ananiuliza: "Niandike kuvu, ukungu au fangasi? Msimamizi wangu anasema 'wadudu wa kuvu' ndiyo inayoeleweka zaidi."

Fangasi tumelitoa kwa Waingereza, nao walilitoa kwenye Kilatini. Halina kosa, ila kuvu tunalo nyumbani na ndilo la vitabu vya biolojia. Kiumbe mwenyewe mwite kuvu. Kile jicho linachokiona kimetanda juu ya jani kiite ukungu.

Hilo limekwisha. Linalonikera ni la msimamizi. Wadudu wa kuvu! Lilianzia vijitabu vya wakulima, leo limepanda mpaka chuo kikuu. Chukua jani la mkahawa lenye kutu, uligeuze. Chini utaona madoa ya unga wa rangi ya chungwa. Pitisha kidole, nacho kitatoka na unga. Hizo ni spora, yaani chembe za uzazi, za Hemileia vastatrix, kuvu anayeleta ugonjwa wa kutu ya mkahawa. Spora ikipata maji hutoa uzi mwembamba, na uzi huo hupenyea kwenye vitundu vya kupumulia vya jani. Mguu uko wapi hapo? Bawa liko wapi? Halafu mkulima anaambiwa shamba lake lina "wadudu wa kutu". Anakwenda dukani, anaomba dawa ya wadudu, anapiga shamba zima, na majani yanazidi kupukutika. Alihitaji dawa ya ukungu. Neno baya limemla fedha na msimu.

Najua mtaani chochote kidogo kinacholeta maradhi ni mdudu. Mtu akiniambia amepimwa akakutwa na wadudu tumboni, namwombea afueni, simsahihishi. Lakini tasnifu ya magonjwa ya mimea si maongezi ya barazani, na mwenye kuisimamia anatakiwa ajue hivyo kabla ya mwanafunzi wake.

Jihadhari na jambo moja zaidi. Phytophthora infestans, iliyoteketeza viazi vya Ayalandi kuanzia 1845, ilihesabiwa miaka mingi kuwa kuvu kwa sababu nayo huota nyuzi. Siyo. Kuta za seli zake zina selulosi, ile iliyomo kwenye kuta za seli za mimea; za kuvu zina kaitini, ile iliyomo kwenye magamba ya wadudu. Kwa hiyo "ukungu wa viazi" andika bila wasiwasi, maana unataja ugonjwa unavyoonekana. "Kuvu wa viazi" kwa huyo usiandike.