Buibui wa nyumbani huku Uyole, Mbeya: mwache, ila toa utando

Dada, umeuliza kama buibui wawili uliowaona nyumbani ni hatari na kama upulizie dawa; pole kwa kushtuka. Huyo wa ukutani uliyemweleza, bapa kama amepigwa pasi, miguu imetanda pembeni, akiguswa anachomoka na kuzama nyuma ya kalenda, hana neno na mtu. Hajengi hata utando; usiku anatoka kuwinda mende na nondo. Yule mwingine wa kwenye kona ya dari, mwembamba wa miguu mirefu, gusa utando wake uone anavyojitikisa mpaka humwoni vizuri. Naye hana shida.

Dawa ya kupulizia sikushauri, hasa chumba anacholala mtoto. Utaua waliopo, na wadudu wanaowavuta wakirudi, na wao watarudi. Anza na taa ya barazani: ikiwaka usiku kucha, nondo wanajaa na buibui wanafuata karamu. Ziba na upenyo wa chini ya mlango (kwa baridi ya Uyole mwezi wa saba, hilo utajishukuru mwenyewe). Utando toa kwa fagio refu kila ukifanya usafi. Anayekukera zaidi mfunike kwa glasi, pitisha kava la daftari chini yake, kamwachie kwenye migomba.

Kwenye kuni ndiko uwe makini, usipeleke mkono bila kuangalia. Ukiona mwenye tumbo la duara, na kwa chini ana alama nyekundu au ya rangi ya machungwa, huyo usimshike kabisa. Akikuuma, nenda kituo cha afya.