Miraba ya mfarishi wa Noeli hailingani: nifumue au niivute?

Swali: Mama fundi, jambo. Ninashona mfarishi, yaani blanketi la viraka, wa Noeli wenye miraba 12, mitatu kwa upana na minne kwa urefu. Sita ni myeupe: nimebandika juu yake ndege na maua niliyokata kwenye kikwembe (kitenge), kisha nikadarizi majani kwa mkono. Sita mingine nimeiunga kwa mashini, kila mmoja kwa vipande vitano vyenye upana wa sentimita 7.2. Yote ilipaswa kuwa na sentimita 31.2 kila upande, lakini myeupe imejikunja na kubaki 30.6, na ya mashini imetoka 30.4. Je, niivute ilingane, au nifumue? Mama wa Bagira, Bukavu.

Jibu: Mama, usiivute, na wala usifumue. Kitambaa kilichovutwa hulingana kingali mezani tu. Kikifuliwa mara ya kwanza kinarudi kilipokuwa, na mfarishi mzima unapinda. Isitoshe, miraba yako imepungua kwa sababu mbili tofauti.

Tuanze na ya mashini. Mshono wako unatakiwa kula milimita 6 kwenye kila kipande. Sindano ikipita milimita moja tu ndani zaidi, unapoteza milimita 2, kwa sababu kitambaa cha juu na cha chini vyote vimeliwa. Vipande vitano vina mishono minne, yaani milimita 8, na hiyo ndiyo tofauti kamili kati ya 31.2 na 30.4. Kwa hiyo usiliamini jicho. Teremsha sindano, pima kwa rula milimita 6 kuelekea kulia, na hapo ubandike plasta juu ya bamba la mashini, ili ukingo wa kitambaa uteleze ukiigusa. Kabla ya kuendelea, unga vipande viwili vya majaribio, vipige pasi, kisha upime: vikitoka sentimita 13.2, endelea, vikipungua, sogeza plasta kidogo kuelekea kwenye sindano. Ninasisitiza kupima baada ya pasi, kwa sababu mkunjo wa mshono nao unakula kitambaa kidogo.

Miraba myeupe imepungua kwa sababu ya mkono. Kila uzi wa nakshi unapokazwa hukusanya nyuzi za kitambaa, na majani mengi yaliyodariziwa karibu karibu huweza kula nusu sentimita bila mtu kuona. Hata mkono mwepesi haukwepi jambo hilo. Ndiyo maana kitambaa cha chini hukatwa kikubwa, tuseme sentimita 35, kikadariziwa chote, kikapigwa pasi, na mwishowe ndipo kinapopunguzwa kufikia 31.2, ukipima kutoka katikati ya ua. Nakshi ipigwe pasi kwa nyuma, juu ya taulo nene, ukibonyeza na kuinua bila kuburuta. Anayetumia pasi ya makaa aikung'ute majivu mbali na meza kwanza, maana jivu moja kwenye kitambaa cheupe ni kazi ya wiki nzima iliyoharibika.

Kwa kuwa umetaja ndege, nieleze pia jinsi ya kubandika. Kata umbo ukiacha milimita 5 za kukunja, ulishikize kwa bandi (mishono mirefu ya muda), kisha ukunje ukingo kwa ncha ya sindano, kidogo kidogo, kiasi cha sentimita moja mbele ya mshono. Penye mbonyeo, kama chini ya shingo ya ndege, kata vijichanjo vifupi ili ukingo ukubali kugeuka. Penye uvimbe usichanje, nyuzi zitafumuka. Sindano itokee kwenye ukingo wa mkunjo wenyewe na kuzama papo hapo kwenye kitambaa cheupe, kila milimita 2 au 3, na uzi uwe wa rangi ya ndege, si ya kitambaa cha chini. Nyuma, usirukishe uzi mweusi kutoka jani hadi jani, kwa sababu utaonekana kupitia kitambaa cheupe.

Kikwembe chekundu nacho kijaribiwe kabla ya kushonwa: kilowanishe, kiweke juu ya kitambaa cheupe kikuukuu, ukandamize kwa pasi ya moto. Kikiacha doa, kifue mpaka maji yatoke safi, au ukiache.

Sasa miraba uliyo nayo. Ipige pasi yote, kisha punguza ile myeupe hadi 30.4 kila upande, na ya mashini nayo upande wa urefu wa vipande ukizidi 30.4, ili yote ilingane. Baada ya kuungwa, kila mmoja utabaki na sentimita 29.2 badala ya 30, na mfarishi utapungua sentimita 2.4 kwa upana na 3.2 kwa urefu, upungufu ambao ukingo mwekundu kuzunguka pande zote utaufidia. Kabla ya kukata, hakikisha tu kwamba hakuna bawa wala jani lililo karibu na ukingo mpya kwa chini ya sentimita moja. Likiwepo, sogeza mraba mzima upande wa pili kwa milimita moja, la sivyo mshono utalimeza.