Matumbawe ya Malindi: fuata maji, si saa

Unauliza kama safari ya boti kwenda kuona matumbawe lazima iwe asubuhi? Si lazima, ndugu. Safari ya hifadhi ya bahari ya Malindi hupangwa kwa maji kupwa. Yakishatoka, bustani ya matumbawe inakuwa karibu na uso, na hata mtoto asiyejua kuogelea anawaona samaki wa manjano na mistari kupitia kioo cha chini ya boti. Yakijaa, haoni mengi. Saa ya kupwa husogea karibu dakika 50 kila siku, kwa hiyo muulize nahodha siku moja kabla. Sisi tuliokulia hapa tunawapeleka watoto wakati wa upepo wa kaskazi, Desemba hadi Machi. Upepo wa kusi ukivuma boti inayumba mno. Wavalishe viatu, mwamba unakata.