Pampu ya usukani haina changamoto, imelika

Msomaji wa Kisasa, Dodoma, ameniletea swali: "Mwalimu, nina Hiace. Siku hizi nikizunguka kipilefti usukani unanitesa mikono. Mimi nasema usukani umekuwa mgumu, mama watoto anasema ni mzito. Nimeipeleka gereji, fundi akaniandikia kwenye karatasi: gari ina changamoto ya pampu ya stelingi. Nani kati yetu watatu amesema Kiswahili sahihi?"

Mama watoto ndiye aliyelenga. Usukani unaozunguka vizuri ila unadai nguvu za mabega ni mzito. Mgumu si kosa, lakini linaufaa zaidi usukani unaokwenda kwa kusuasua kwa sababu viungo vyake vimekauka grisi. Ukigoma kabisa, umekwama. Pampu ikifa usukani haukwami: magurudumu bado yanakutii, isipokuwa sasa unayageuza peke yako bila kusaidiwa na haidroliki, yale mafuta yanayosukumwa na pampu. Msaada huo wenyewe ulianza kuuzwa kwenye magari madogo mwaka 1951, Chrysler ya Marekani ilipoutia katika Imperial. Madereva walioshika malori yasiyo nao walilalamikia uzito, na walikuwa sahihi.

Swali lako limekwisha hapo, ndugu yangu. Sasa niachie karatasi ya fundi.

Changamoto ni neno zuri lililofanyiwa ubaya. Ni jambo linalomchochea mtu na kumtia ari ya kujipima. Mwanafunzi akipewa hesabu iliyomzidi kidogo kimo, amepewa changamoto. Kisha likaingia kwenye semina na ripoti, kwa watu wanaoona haya kutamka tatizo, upungufu, uzembe au wizi. Kisima kimekauka: changamoto. Dawa zimekwisha: changamoto. Fedha zimeliwa: changamoto. Dodoma ni mji wa ofisi, na lugha ya ofisini haibaki ofisini. Imeshuka ngazi, imevuka barabara, imeingia gereji. Hilo linaniuma kuliko yote, kwa sababu gereji ni moja ya mahali pachache ambapo Kiswahili bado kinaitaja hitilafu kwa jina lake.

Msikilize fundi hodari asiyejua kuandika ripoti. Mkanda umelegea. Sili inavuja. Puli inacheza. Mpira umepasuka. Haidroliki imeungua. Bea inakoroma. Tairodi inapwaya. Kila kitenzi hapo kimebeba ugonjwa mmoja, na ukikiondoa kingine hakikai mahali pake. Usukani unaopwaya, kwa mfano, hauna habari na pampu hata kidogo. Hapo ukague tairodi, vile vyuma vinavyosukuma magurudumu yageuke, na viungo vya chini.

Chukua kelele peke yake. Mkanda uliolegea unalia: sauti nyembamba, kali, hasa gari linapowashwa asubuhi au usukani unapokunjwa ghafla. Pampu inayokosa haidroliki inavuma, na mvumo wake unapanda kadiri unavyoukunja usukani kuelekea mwisho na kadiri injini inavyokazana. Fundi akiniambia "inalia" nakwenda kuuminya mkanda kwa kidole. Akiniambia "inavuma" nafungua kopo la haidroliki. Akiniambia "ina changamoto ya kelele" sijui hata nifungue boneti au nirudi nyumbani.

Na hilo kopo nalo lina maneno yake. Fungua kifuniko, utazame. Ikiwa haidroliki imepungua, kuna mahali inavuja, maana haidroliki ya usukani haichakai ikaisha kwa matumizi. Ufuate mpira wa presha na reki, ile fito yenye meno inayogeuza magurudumu, mpaka uone penye unyevu ulioshika vumbi. Ikiwa ina povu jeupejeupe juu, pampu inavuta upepo, mara nyingi penye mpira wa kunyonya unaotoka koponi, kleampu inayoubana ikiwa imelegea. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, imepikika. Ikiwa ukiidondosha kwenye kitambaa cheupe unaona chembe zinazometameta, basi chuma kinasagika humo ndani na pampu inalika.

Hizo ni hali nne, na gharama zake hazikaribiani. Mwenye gari aliyeambiwa "changamoto ya pampu" atanunua pampu. Aliyeambiwa "kleampu imelegea, pampu inavuta upepo" atanunua kleampu. Ndiyo maana sikubali kuambiwa kwamba haya ni mambo ya walimu wa lugha. Neno lisilotaja kitu linalipiwa na mwenye gari.

Labda pampu yako imelika kweli. Sikatai. Basi fundi aonyeshe alivyofika hapo: mkanda umekaza, haidroliki imejaa, haina povu, hakuna panapovuja, na geji ya kupimia presha ikifungwa kwenye njia yake bado inasoma chini. Hapo ana haki ya kuandika "pampu imelika, ibadilishwe". Ni maneno matatu, mafupi kuliko changamoto yake.

Hata kazi ikiisha usikubali kuandikiwa "changamoto imetatuliwa". Kubadilisha pampu ni kazi yenye hatua, na kila hatua ina kitenzi. Haidroliki ya zamani inamwagwa. Mkanda unalegezwa. Mpira wa presha unafunguliwa. Pampu inatolewa na, ikibidi, puli yake inahamishiwa kwenye mpya. Washa na oringi, vile vipete vya kuziba maungio, zinawekwa mpya, kwa sababu za zamani zitavuja. Mfumo unasafishwa, kwani chembe za chuma zilizoachwa na pampu ya kwanza zitaila na ya pili. Kisha unatolewa upepo: magurudumu ya mbele yako juu ya jeki, injini imezimwa, usukani unakunjwa polepole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, fundi anaongeza haidroliki kila inaposhuka, na kazi hiyo inarudiwa mpaka vipovu vikome kupanda koponi. Ndipo gari liwashwe. Fundi akiruka hatua hiyo, pampu mpya itavuma kabla hujafika nyumbani, na karatasi yenye "changamoto imetatuliwa" haitakusaidia kumdai chochote, kwa kuwa haikuahidi chochote.

Usidhani nina ugomvi na maneno ya kukopa. Pampu tumekopa, stelingi tumekopa, na usukani wenyewe una asili ya Kiarabu, sukkan, usukani wa chombo cha baharini. Ulikuwa ukiongoza majahazi ya pwani muda mrefu kabla ya kufungwa kwenye gari. Mimi huandika "pampu ya usukani", lakini fundi akisema "pampu ya stelingi" namwelewa na namwachia, ijapokuwa stelingi kwa vijana ni yule shujaa wa filamu asiyekufa. Neno la kukopa linaloonyesha kitu naliheshimu kuliko neno letu wenyewe linalokificha.

Kwa hiyo mrudie fundi wako kwa adabu, umwombe afute ile sentensi na aandike alichokiona kwa macho yake. Asipoweza kuiandika, hajaipima.

Limebaki lile "gari ina". Gari liko katika ngeli ya li-ya: gari lina, magari yana. "Gari ina" naisikia redioni, naisikia bungeni, naisikia hata kwa wanaofundisha Kiswahili, na barabarani nimeacha kuigombania. Lakini kwenye karatasi ambayo nitailipia fedha, nadai "lina".