Umechangiwa Uchapishe Riwaya? Waambie Pesa Yao Iko Wapi

Kijana mmoja wa Dodoma ameniandikia. Shikamoo ya kwanza sikuiona, akatuma ya pili, ya tatu akaiunganisha na shida yenyewe: amechangisha watu pesa za kuchapa riwaya yake, mhariri amekwama, mchapaji amepandisha bei, na yeye tangu Februari hajaandika neno kwenye grupu la wachangiaji. "Dada, wewe uliwezaje? Mbona watu wako hawakukusema?"

Walinisema, mdogo wangu. Walinisema mpaka mama yangu akasikia. Lakini vitabu mia tano vimetoka, vinafunguka bila kuachia kurasa, na wiki iliyopita nimepeleka mafurushi ya mwisho ya mikoani pale Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi. Kwa hiyo leo naringa kidogo, mnivumilie.

Najua wengi mnaonisoma mna miswada kabatini na mnaipigia hesabu njia hii hii. Mchapishaji akikukubali, atakuchapa kwa wakati wake. Asipokukubali, uuze kiwanja au upitishe bakuli, na mimi kiwanja sina. Wenzetu wa Marekani wana Kickstarter, tovuti ya kuchangisha pesa za kazi za ubunifu, tangu 2009, na wa Uingereza tangu 2012, ila mwandishi anayekaa Tabata hawezi kufungua kampeni kule, nchi yetu haimo kwenye orodha yao. Sisi tuna simu na tuna michango ya harusi, na sioni kama tumepunjwa. Mtu wa Dar hahitaji kufundishwa "ahadi" ni nini na "amemaliza" ni nini. Nikafungua grupu, nikaweka orodha ya majina yenye namba, kila anayetuma anakopi orodha, anaongeza jina lake chini, mweka hazina anampigia tiki. Elfu ishirini unapata kitabu na jina lako ndani. Wapo waliotoa laki tatu, wapo waliotoa elfu tano na maneno ya kutia moyo yenye thamani ya elfu hamsini.

Tatizo ni kwamba harusi ina Jumamosi yake. Ukumbi umelipiwa, kadi zimetoka, siku ikifika watu watakula. Kitabu hakina Jumamosi. Mtu ametoa pesa yake Machi, Aprili haoni kitu, Mei haoni kitu, Juni anakuona umepiga picha Kigamboni ukiwa na soda. Unadhani atafikiria nini? Mji huu haujasahau DECI, ule upatu uliovunjika mwaka 2009, watu walivyoambiwa wanapanda mbegu, wakabaki shambani wanasubiri mavuno. Ukikaa na pesa ya mtu hapa halafu ukanyamaza, jina unalopewa linajulikana.

Mimi nilipewa hilo jina hata kabla sijanyamaza. Kaka mmoja tuliyesoma naye, ambaye ahadi yake ilikuwa ya laki moja na aliyokwisha kutoa ilikuwa sifuri, aliandika kwenye grupu saa nne usiku: "Kumbe siku hizi na vitabu ni upatu." Akaweka na kikaragosi cha kucheka. Kisha akalefti. Watu kumi na kitu wakasoma, hakuna aliyejibu, hata wale ninaowapikia Idi. Sitasema jina lake. Anajijua, na najua anasoma hapa maana hapitwi na kitu.

Usiku ule nilikuwa na mambo mawili ya kufanya. La kwanza ni kuandika insha ya kujitetea, na niliiandika kweli, ndefu, yenye Mungu anaona na yenye machozi. La pili ni lile lililotumwa. Nalinakili hapa kama lilivyokuwa:

"Ahadi zote: 5,400,000. Zilizoingia: 4,120,000. Mhariri: 600,000, amelipwa zote. Mchoraji wa jalada: 150,000, amelipwa zote. Mchapaji: bei yake 3,500,000 kwa nakala 500, ametangulizwa 1,750,000. Kwenye akaunti leo: 1,620,000. Pungufu ya kummalizia mchapaji: 130,000. Makato ya miamala nimeyabeba mwenyewe. Ijumaa ijayo nitaandika tena."

Basi. Na chini yake skrinshoti ya salio. Kufikia mchana wa kesho yake pungufu ilikuwa imezibwa, na sikumtag mtu. Wenye ahadi waliona 5,400,000, wakaona 4,120,000, kila mmoja akajijua yuko upande gani wa hesabu. Kwenye kamati za harusi tunapiga simu mpaka tunachukiwa. Hapa tarakimu zilipiga simu zenyewe.

Hiki ndicho ninachotaka kumwambia kila mwandishi aliyechangiwa, na nitakirudia mpaka mchoke: wachangiaji wako hawataki safari yako ya uandishi. Wanataka kujua pesa yao imekaa wapi leo. Ukiamka na msukumo, ukilia na mhusika wako mkuu, ukipata jina zuri la sura ya tisa, mwandikie shoga yako. Grupu la wachangiaji liandikie salio. Nimeona waandishi wanatuma aya sita za "nashukuru kwa upendo wenu, mchakato unaendelea vizuri". Unaendeleaje? Uko kwa nani? Amelipwa? Mchakato ni neno la kujifichia, liache.

Kuhariri sitakusimulia. Kulichukua muda kuliko nilivyotaka, tukagombana, tukapatana. Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, tunaipata Bodi ya Huduma za Maktaba, pale Maktaba Kuu, Barabara ya Bibi Titi. Nenda na vinavyotakiwa, utaipata.

Ila kuna jambo la kiwandani ambalo lazima ulijue kabla hujatoa tarehe kwa mtu yeyote. Kurasa za kitabu zinachapwa kwa mafungu, na fungu la kawaida ni kurasa kumi na sita. Riwaya yangu ilikuwa kurasa 214. Kumi na sita mara kumi na tatu ni 208, haitoshi. Mara kumi na nne ni 224. Kwa hiyo kitabu ni kurasa 224, na nyuma nimebakiwa na kurasa kumi tupu ambazo nimeshazilipia karatasi. Hapo ndipo nilipoweka majina ya wachangiaji. Watu wanadhani nilipanga toka mwanzo, acha wadhani. Na mpaka idadi ya kurasa ikae, mchoraji wa jalada hawezi kumaliza, kwa sababu unene wa mgongo unatokana na kurasa na uzito wa karatasi. Ukiongeza sura moja dakika za mwisho, jina lako kwenye mgongo linahama linakwenda kukaa pembeni. Kila kitu kimeshikana na kingine, na karibu kila kimoja kiko mikononi mwa mtu ambaye si wewe.

Ndiyo maana sikutoa tarehe ya kitabu kutoka. Walinidai sana, "tupe hata mwezi tu". Niliwapa siku moja tu ninayoimiliki, Ijumaa, na hatua moja inayofuata. Mchapaji akisema "wiki mbili", hiyo ni ahadi yake kwangu. Nikiipeleka kwenye grupu inageuka ahadi yangu kwao, na yeye akichelewa ninayetukanwa ni mimi.

Wala msidhani haya ni ya sisi maskini tu. Samuel Johnson wa London, yule wa kamusi, mwaka 1756 alitangaza kuwa atatoa tamthilia za Shakespeare alizozihariri, akaanza kupokea pesa za watu kabla. Kazi ilitoka 1765. Katikati ya miaka hiyo tisa mshairi Charles Churchill akamtungia beti za kumsuta hadharani: pesa za watu umetia mfukoni, kitabu kiko wapi? Mtu mwenye heshima ile, na bado alisutwa kama mtoro wa kikoba. Na Uingereza hiyohiyo, Unbound, kampuni iliyoanza 2011 kuchapa vitabu kwa pesa za wasomaji, Machi 2025 ilifilisika, biashara ikahamishiwa kampuni nyingine, huku waandishi wakidai malipo yao. Wasomaji waliochangia vitabu ambavyo havijatoka wakabaki wanaulizana. Kwa upande wa pili yuko Brandon Sanderson wa Marekani, ambaye mwaka 2022 alichangiwa zaidi ya dola milioni 41 kwa riwaya nne. Mtu anaweza kusema, kwa pesa ile hata mimi ningetoa taarifa. Lakini huyo bwana alikuwa na mazoea ya kuweka kwenye tovuti yake mistari ya asilimia, kila mswada umefika wapi, miaka mingi kabla ya hizo milioni. Watu walikuwa wanamwona anavyofanya kazi. Mwaka 2023 vitabu vyote vinne vikatoka.

Sasa nije kwenye gundi.

Siku mchapaji aliponiita kuona nakala za kwanza nilivaa gauni la kutokea. Karakana ile iko ndani ndani, joto la mashine na harufu ya wino, nakala zimepangwa kwenye mbao hadi kiunoni. Nikachukua moja, jalada zuri, linang'aa. Nikaifungua katikati kama msomaji wa daladala anavyofungua, kwa mkono mmoja, nikaikunja. Ikatoa mlio kama biskuti. Ukurasa wa 97 ukateleza ukaanguka sakafuni, na 98 nyuma yake, bila shaka, maana ni karatasi moja. Nikachukua nyingine, hivyohivyo. Fundi akaniambia, "Dada, gundi bado mbichi, itakaza yenyewe."

Nilimwomba arudie kusema hivyo huku simu inarekodi. Akarudia! Nikakunja nakala nyingine mbele ya kamera, ukurasa ukaanguka, nikaituma video kwenye grupu nikiwa bado nimesimama mlangoni. Haikuwa hata Ijumaa. Chini yake nikaandika: "Hizi sizipokei. Mchapaji bado anatudai 1,750,000, ziko kwenye akaunti, hazitoki mpaka kurasa zikae."

Rafiki zangu waliniandikia pembeni kwamba nimejianika, kwamba ningeyamaliza kimyakimya halafu niwaonyeshe watu kizuri tu. Dada yangu mkubwa akasema nimempa yule kaka wa upatu cha kusema. Labda. Lakini usiku huohuo nikapigiwa simu na mzee mmoja wa Temeke, mchangiaji wa elfu ishirini, ambaye sikujua kuwa alifanya kazi za uchapaji ujana wake wote. "Mwanangu, gundi haina kosa. Hawakuukwaruza mgongo." Akanieleza: mafungu yakishapangwa, mgongo unasagwa kidogo ili karatasi ziwe na manyoya, gundi ya moto iingie katikati ya nyuzi. Wakiharakisha wakapaka juu ya karatasi laini, inashika jalada tu, kurasa za katikati zinabaki zimesimama kwa neema.

Kesho yake akaja mwenyewe, kanzu nyeupe, fimbo, akaingia karakana ile kama mkaguzi. Akafumua nakala moja, akapitisha kidole kwenye mgongo, akamwonyesha fundi bila kusema neno. Yule aliyeniambia itakaza yenyewe akamwamkia, na ubishi ukaishia hapo. Majalada yakachapwa upya kwa gharama yao, migongo ikasagwa, vitabu vikakatwa tena, vikapungua upana kidogo. Ukivipima na rula utaona. Hakuna aliyepima.

Mzee yule ningempata wapi? Alikuwa kwenye orodha, namba thelathini na ngapi huko, amepigiwa tiki, kimya, hajawahi kuandika hata "amina". Ningetuma "mchakato unaendelea vizuri" angeendelea kunyamaza na mimi ningegawa vitabu vya kurasa za kudondoka. Habari mbaya inafika kwa mwenye dawa kama imetajwa ugonjwa. Ukisema "kuna changamoto ndogo" nani akusaidie, na kwa lipi? Sema gundi. Sema ukurasa wa 97. Sema shilingi ngapi zimezuiwa na ziko wapi.

Vijana mnapenda kuniuliza niliwapataje wachangiaji, kana kwamba hapo ndipo penye kazi. Kupewa pesa na Waswahili ni rahisi, tuna huruma na tunapenda kuonekana kwenye orodha. Kazi ni kuandika Ijumaa ambayo hakuna kilichotokea. "Ijumaa hii: hakuna jipya. Mhariri yuko sura ya 11. Kwenye akaunti 3,370,000, hazijaguswa." Ujumbe wa namna hiyo unaona aibu kuutuma, unajiona huna kazi. Tuma. Na kama pesa imeguswa kwa jambo lingine, mtoto ameumwa, kodi imefika, hilo nalo liandike na useme inarudi lini, kabla mtu hajakuuliza kwa lugha ya upatu.

Riwaya ya pili ipo, ndiyo. Ahadi sipokei mpaka mswada utoke kwa mhariri, msinitumie.

Nakala za wachangiaji wa Dar bado ziko chache kwangu Tabata, za wale wasiopokea simu. Kuna aliyejiandikisha "Baba Careen": namba yako haipatikani, kitabu chako kipo, jina lako liko ukurasa wa 219 na Careen nimeliandika kwa C kama ulivyosisitiza. Na wewe uliyetuma elfu tano kupitia wakala wa Buguruni bila jina, njoo na ujumbe wa muamala. Haifiki bei ya kitabu lakini njoo tu, hesabu yako inanisumbua.